Karibu ya Pili: Mimi na Kaka Suleiman Bonde la Loire

Tangu turudi, kila nikikutana na mmoja wenu sokoni Walthamstow au nje ya msikiti, swali ni lile lile: "Enhe, Ufaransa vipi?" Nami najibu "Nzuri, alhamdulillahi," halafu nageuza mazungumzo. Sasa naona mmeanza kujitungia yenu, na mmoja wenu keshaeneza kwamba tulikamatwa na polisi. Hatukukamatwa. Nawaandikia ili mjue yaliyotokea. Habari za tiketi na vibali naziruka, hazina utamu.

Kwa wale wasiomjua vyema, Kaka Suleiman ni kaka yangu mkubwa. Tumezaliwa Wete, na hapa London amefanya useremala mpaka magoti yakakataa. Ana kisukari. Zamani alikuwa akimeza vidonge, lakini sasa daktari kamhamishia kwenye sindano: kabla ya kula anajidunga insulini, kisha anakula. Akijidunga asipokula, sukari mwilini inashuka, anatetemeka, anachanganyikiwa, na akiachwa hivyo anaweza kuzimia asiamke. Haya nilielezwa na mkewe, Shemeji Zuwena, mlangoni kwao asubuhi ya kuondoka, huku ameshika usukani wa baiskeli yangu hataki kuuachia.

"Hamad, mie simuwezi," aliniambia. "Kashasema atakwenda kuyaona hayo makasri yake kwa baiskeli, basi atakwenda. Lakini akishadunga sindano, ale. Nakukabidhi wewe. Nirudishie mume wangu."

Nikamwahidi. Hatujafika hata stesheni, nikaanza kujuta, kwa sababu kuna jambo Shemeji hakulifikiria. Mimi nina mvi na wajukuu, lakini kwa Kaka Suleiman ni mdogo wake tu, na maishani mwangu sijawahi kumwambia kula, kaa, wala simama. Kwetu mdogo anashauri kwa mbali, anakohoa kidogo, anangoja. Sasa nitamlisha vipi mtu nisiyeweza kumwamrisha?

Newhaven hadi Dieppe: mkoba wa tende

Shemeji alikuwa amemfungia Kaka mkoba mbele ya baiskeli: tende, biskuti, na vidonge vitamu vya sukari vya kutafuna, vile vya dharura. Mkoba ule ndio uliokuwa moyo wangu. Kila tuliposimama niliutupia jicho kabla ya kumtazama mwenyewe.

Melini, tukivuka kwenda Ufaransa, tulikaa kwenye benchi la nje pamoja na Waingereza wenye baiskeli kama sisi, ila wao wamevaa nguo za kubana na sisi tumevaa suruali za kawaida tulizozifunga mpira miguuni. Kaka akafungua mkoba ale tende. Mnatujua tulivyo. Mkono hauwezi kwenda mdomoni peke yake na pembeni kuna watu. Akawaelekezea mfuko: "Karibuni, karibuni." Kwetu hapo mtu anajibu "ahsante, endelea," na wewe unakula kwa raha zako. Waingereza wakachukua. Bwana mmoja alichukua moja, mkewe akachukua mbili, akasema hajapata kula tende tamu hivi, akaupitisha mfuko benchi la nyuma. Mfuko ukazunguka meli. Kaka anatabasamu kama bwana harusi, mimi nausindikiza kwa macho unavyokwenda na unavyopungua.

"Kaka, hizo ni dawa," nilimnong'oneza.

"Chakula hicho, yakhe. Tena watu wamefurahi."

Dieppe tukapanda treni. Katikati ya mashamba, kabla ya Rouen, ikasimama. Hakuna aliyetuambia kitu, au walituambia kwa Kifaransa, ambacho kwetu ni sawasawa. Kaka alikuwa hajadunga wala hajala, kwa hiyo hatari haikuwepo, lakini akili yangu haikutaka kuelewa hesabu hiyo. Akalala. Nikakaa namtazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kila kilipochelewa kupanda mimi nilisimama. Mama mmoja wa Kifaransa aliyekaa mbele yetu alihama kiti. Bila shaka alidhani nataka kumwibia mzee wa watu.

Orléans hadi Chambord

Paris tuliivuka kwa baiskeli kutoka stesheni moja hadi nyingine, na nisichokumbuka sitakizua. Nakumbuka mgongo wa Kaka tu, koti lake la kijani, na magari. Treni ya pili ikatushusha Orléans, na asubuhi yake ndiyo tukaanza hasa.

Jamani, nchi ile ni ya upole. Njia ni tambarare, inafuatana na mto Loire, na mto wenyewe hauna haraka, umejaa visiwa vya mchanga. Mahindi huku, alizeti kule, na kila baada ya kijiji ncha ya kasri inachungulia juu ya miti. Kaka alikuwa mbele, kama tulivyokuwa tukiendesha utotoni Wete, yeye mbele mimi nyuma, anapiga mluzi. Mwenye moyo uliotulia angefurahi. Mimi nilikuwa nasikiliza mluzi. Ukikatika, nakanyaga nimfikie.

Jioni tulilala kwa bibi mmoja anayekodisha vyumba. Alikuwa ametoka kuoka keki ya matufaa, nyumba nzima inanukia. Akatuletea sahani. Kaka akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa: "Non, merci, madame," yaani hapana, ahsante. Yule bibi akasema sawa kwa tabasamu zuri kabisa, akaichukua sahani yake, akarudi nayo jikoni.

Tukabaki tunatazamana. Chumbani tukala mkate baridi na mayai ya kuchemsha tuliyobeba.

"Mbona hakurudia?" Kaka akauliza.

"Labda kwao hawarudii."

"Haiwezekani, Hamad. Mtu hawezi kukaribisha mara moja. Ile siyo karibu, ile taarifa."

Nikacheka, lakini nilimwelewa. Sisi tumelelewa hivyo. Karibu ya kwanza ni adabu, na aliyelelewa vizuri anaikataa, asije akaonekana amefuata sahani za watu. Karibu ya pili ndiyo yenye moyo. Ya tatu mwenye nyumba anakushika mkono, na wewe unasema "haya basi, kidogo tu," unakula mpaka unavimba. Sisi tunakaribisha tukitarajia kukataliwa, na tunakataa tukitarajia kukaribishwa tena. Watu wa kule mambo yao ni mafupi: ukisema hapana, wanakuamini.

Chambord tulifika mchana wa pili. Sitawaelezea ukubwa wake, mtadhani natia chumvi. Tulipanda zile ngazi mbili zinazozungukana, ambazo mtu anaweza kupanda na mwingine akashuka wasikutane. Bila shaka tulipotezana humo humo. Nilishuka, nikapanda, nikaita, mlinzi akajiwekea kidole mdomoni ninyamaze. Ghorofa ya juu nikaona watu wamesimama duara. Katikati yao Kaka Suleiman amelala chali sakafuni, macho wazi.

Sikumbuki nilivyofika. Nilipiga magoti nikamshika uso.

"We vipi?" akasema. "Niondokee, wanizibia. Natazama dari lilivyofungwa."

Nilimshika mkono wa koti mpaka mlangoni. Nje, kwenye nyasi, tulikaa karibu na mtu na mkewe kutoka Uholanzi. Tende zilishakwisha, biskuti zimekwisha, Kaka akatoa vile vidonge vya sukari ale kimoja. Na akawakaribisha! Wakadhani peremende. Walichukua, wakasifu. Nilitaka kusema neno, nikakohoa. Huo ndio ukali wangu wote, kukohoa. Nilijiambia kesho tutanunua vingine, na kesho yake ilikuwa Jumapili tukakuta duka la dawa limefungwa.

Jumatatu, kutoka Amboise

Tulitoka Amboise asubuhi kwenda Chenonceau, mwendo mfupi, msitu kidogo na mashamba ya mizabibu. Chakula tulipanga kununua kijiji cha katikati. Hatukujua kwamba kijiji kile hupumzika Jumatatu: duka la mikate limefungwa, mkahawa umefungwa, dirisha la posta limeshushwa. Nilisukuma mlango wa duka la mikate mara kadhaa nikitumaini kuna mtu ndani atanionea huruma.

"Tutapata mbele," Kaka akasema.

Mbele tulikuta nyumba ya wakulima, mume na mke, wamekaa mezani uani. Tukasalimia, tukaonyesha chupa zetu tupu, wakafurahi, wakatujazia maji. Mezani kulikuwa na omleti kubwa ya uyoga inatoa moshi, mkate, na jibini. Yule mama akaitazama omleti, akatutazama sisi, akavuta viti viwili. Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Kaka akaweka mkono kifuani. "Non, merci, madame. Merci." Kisha akaomba kwenda msalani.

Nami nikanyamaza, maana mkubwa keshajibu.

Nililolijua baadaye nawaambia sasa: huko msalani alijidunga insulini. Hakufanya kwa wazimu. Alishasikia harufu ya omleti, aliona viti vimevutwa, na kwa malezi yetu karibu ya pili ilikuwa njiani. Hakutaka kutoa sindano mbele ya watu mezani. Basi ajidunge kabisa, atoke, mama aseme tena, yeye ajibu "haya basi," na akae. Akatoka na mikono mibichi kwa maji, akasimama karibu na kile kiti. Akaisifu nyumba. Akaisifu bustani. Akamsifu mbwa. Kaka Suleiman kumsifu mbwa! Hapo nilipaswa kujua kuna shida. Wale wazee wakacheka naye, wakaitazama omleti yao inavyopoa, na mwishowe mzee akatufungulia lango akatutakia safari njema.

Tukapanda baiskeli. Angesema, tungerudi. Hakusema, kwa kuwa kurudi kwa watu na kuomba chakula ulichokikataa ni aibu ambayo hajawahi kuibeba tangu azaliwe.

Kwanza mluzi ulikatika. Nikamfikia, nikaona shingo yake imelowa jasho na jua lenyewe la kawaida.

"Kaka, tupumzike kidogo?"

"Nipumzike nini? Wewe umechoka, pumzika."

Sauti haikuwa yake. Kaka ni mtani, hafoki. Akaenda, gurudumu linakwenda kushoto, linakwenda kulia, gari likatupigia honi ndefu. Kwenye njia panda alishika njia isiyo yetu. Nikamwita. Akageuka, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Mama kesharudi shamba?" akaniuliza.

Mama yetu alifariki kabla hatujaja Uingereza.

Niliukimbilia ule mkoba. Kokwa za tende, karatasi za biskuti, na mfuko wa vidonge mtupu. Simu yangu haikuwa na mtandao. Na Kaka tayari ana mguu juu ya pedeli, anataka kuondoka.

"Kaka, shuka," nikasema.

"Niache."

"Shuka!"

Nilipiga ukelele nisioujua. Nikaushika usukani wake kwa mikono miwili, nikamvuta kaka yangu kwa nguvu kwenye baiskeli kama mwizi, tukaanguka wote majanini. Akanipiga kibao kidogo begani, hakina nguvu, akakaa. Midomo ilikuwa myeupe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kasri dogo, si katika yale yanayokatiwa tiketi, na kwenye bustani yake wazee wanacheza ule mchezo wao wa kurusha tufe za chuma. Pembeni wameandaa meza. Kumwacha pale nikakimbia ndilo jambo gumu kupita yote niliyowahi kufanya, kwa kuwa nilijua naweza kurudi nikamkuta si mtu tena. Nikakimbia.

Nchi ile huwezi kumuuliza mtu hata njia bila kutanguliza bonjour, salamu yao. Na kwetu je? Mtoto asiyesalimia anarudishwa mlangoni aingie upya. Mimi niliingia kwenye bustani ya watu bila hodi, bila salamu, nikachukua chupa ya juisi ya machungwa na sahani ya keki, nikakimbia navyo. Nyuma yangu mama mmoja mwenye kofia nyekundu akapiga kelele, "Monsieur! Monsieur!" Nikasikia miguu yake inanifuata. Nikasema moyoni anipige, lakini baadaye.

Hakunipiga. Alipomwona Kaka alipiga magoti kabla yangu, akamshikilia kichwa kisilale nyuma. "Diabète?" akauliza, yaani kisukari, nikaitikia kwa kichwa chote. Nikamnywesha. Nyingine ilimwagika shingoni, nyingine ikaingia. Alikuwa bado anameza, nashukuru Mungu mpaka leo. Wenzake wakaja, mmoja akapiga simu ya dharura na kutupokelea maelekezo ya daktari: anywe, ale, apimwe, apimwe tena. Kipimo chake cha sukari ya damu nilikitoa mfukoni mwa koti lake, nikawa nakigeuza juu chini. Mama wa kofia nyekundu alikishika yeye.

Taratibu rangi ikarudi midomoni. Macho yake yakatua juu yangu, yakanijua.

Yule mama akamsogezea kipande cha keki. Na kaka yangu, ametoka kwenye mlango wa kaburi, majani yako kichwani, juisi shingoni, akaanza kuupeleka mkono kifuani.

"Non, mer—"

"Oui!" nikapiga kelele. "Oui, madame, oui! Anakula! Kaka, kula."

Akaushusha mkono. "Nani kakupa ruhusa ya kuniamrisha?"

"Mkeo."

Akala. Mimi nikageukia upande wa pili nikalia, na sikujificha vizuri, kwa sababu mzee mmoja alikuja na glasi ya maji akanisimamia mpaka nimalize. Walipotuita mezani nilisema ndiyo mara ya kwanza, na nilishika sahani kwa mikono miwili.

Chenonceau: simu ya maghribi

Wale watu walitupeleka hadi tulikopanga kulala, sisi na baiskeli zetu, katika gari la mmoja wao. Kasri lenyewe, lile lililojengwa juu ya mto, tuliliona kwa mbali tu. Kaka hakulalamika. Alikaa kitandani, amejifunika blanketi, na baada ya maghribi simu ya Shemeji ikalia kama kila siku.

Nilikuwa nimeshaandaa la kusema. Nilitaka kusema tuko salama, mengine niyaache mpaka tufike London. Kaka akaninyang'anya simu, akafungua spika.

"Zuwena," akasema, "leo nilidunga nikakosa kula. Nilichanganyikiwa barabarani. Hamad kaniibia keki ya watu, ndiyo nazungumza nawe."

Kisha Shemeji akasema, taratibu, "Kwa nini hukuomba chakula, Suleiman?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Kaka akazungusha pindo la blanketi. "Nikiomba, nitasema kwa nini. Nikisema kwa nini, mie mgonjwa. Nilitaka nipite nchi moja tu watu wasinijue kuwa mgonjwa."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno kama hayo, wala sikujua nitazame wapi. Shemeji alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema apewe Hamad.

"Shemeji," nikasema, "tumebakisha njia ya kwenda Tours tu, ndiyo mwisho wa safari. Kuna treni asubuhi. Nikimpandisha treni, sitalaumiwa na mtu."

"Mie niko Walthamstow," akasema. "Simwoni. Wewe wamwona. Uamuzi wako."

Usiku ule nilimwamsha apime, akapima. Nikamwambia ale mkate, akala. Hakuuliza tena nani kanipa ruhusa. Niliposwali alfajiri nilikuwa bado sijaamua, na nilipomkuta nje anatia upepo kwenye gurudumu langu, si lake, nikaona siwezi kumfungia katika treni mtu ambaye ndiyo kwanza amekubali kulishwa.

Kuingia Tours

Kabla ya kuondoka alijidunga mezani, mbele ya mwenye nyumba na wageni wengine wawili, sindano ikiwa juu ya kitambaa karibu na siagi. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alimsogezea kikapu cha mkate, Kaka akachukua vipande viwili, akasema merci. Kimoja akakitia mfukoni.

Kisha akaishika baiskeli yangu, akanielekezea barabara. "Tangulia wewe."

Nikadhani utani. Tangu nijue kupanda baiskeli, yeye ndiye wa mbele. "Mie?"

"Mimi nikiwa mbele nakuficha uso. Wewe ukiwa mbele, ukigeuka utauona. Tangulia."

Nikatangulia, na wallahi sijapata kuona adhabu kama ile. Aliye nyuma anaona mgongo, anaona gurudumu, anasikia mluzi. Aliye mbele haoni kitu. Njia inafuata mto mwingine, unaitwa Cher, mizabibu upande mmoja na maji upande wa pili. Nikawa nageuka. Naona koti la kijani, nakanyaga, nageuka tena. Nilipogeuka mara nyingine gurudumu la mbele likapanda ukingo, nikabaki na mguu mmoja juu ya maji. Kaka alisimama, akanishika kola, akanirudisha barabarani.

Tukaendelea. Nikakaza macho mbele, shingo imekakamaa, masikio yote nyuma. Upepo ulikuwa unavuma, sikusikia hata mnyororo wa baiskeli yake. Nikaanza kuhesabu sababu za kugeuka.

"Nipo," ikasema sauti nyuma yangu, sauti ya mtu mwenye mkate mdomoni.

Nikakanyaga. Tulipita daraja, tukapita wavuvi na viti vyao vya kukunja.

"Nipo, Hamad."

Sikuwa nimemwomba. Kwenye kilima kidogo alilisema kwa kuhema, kwenye mteremko alilisema kwa kupiga kelele, na tulipopita katikati ya kundi la watalii alilisema kwa sauti kubwa zaidi mpaka wakageuka kututazama. Aliendelea hivyo njia nzima, mpaka tukayaona mapaa ya Tours, na mimi sikugeuka tena.